Kuchagua Ua la Chunguni

Aghalabu mtu aendapo kununua mmea wa kupamba baraza, jicho lake huvutwa kwanza na rangi ya ua. Akisharidhika nayo hulipa fedha na kurudi nyumbani. Baada ya wiki chache majani hugeuka manjano, maua hupukutika, naye husema kuwa hana bahati na maua. Kwa kweli bahati haihusiki. Rangi ya ua kazi yake ni kuwavuta wachavushaji. Haimwelezi mnunuzi kiasi cha jua, maji na hewa kinachohitajiwa na mmea. Mahitaji hayo hufahamika kwa kuuliza mmea wenyewe ulitoka katika mazingira gani. Mimea miwili ya Afrika Mashariki, ambayo leo hupandwa katika vyungu sehemu nyingi za dunia, yatosha kuonyesha jambo hili.

Ua la Usambara

Mmea wa kwanza ni ua la Usambara, lijulikanalo ng'ambo kama urujuani wa Afrika. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliupeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliueleza kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu huuweka katika jenasi ya Streptocarpus.

Katika misitu ya Usambara mmea huu huota juu ya miamba yenye kivuli, ambako mwanga huchujwa na majani ya miti mirefu na hewa ni yenye unyevu. Mizizi yake ni myembamba na haiendi chini sana, kwa kuwa udongo ulioko mwambani ni kidogo na maji hayatuami hapo. Kwa hiyo chungu kidogo chawekwa kibarazani penye mwanga wa kutosha, lakini jua kali lisiufikie mmea moja kwa moja. Aidha, maji baridi yakidondokea majani yaliyo na joto, seli zilizo chini ya ngozi ya jani huharibika na kuacha madoa meupe. Ni afadhali kumwagilia udongo kuliko majani.

Waridi la jangwani

Mmea wa pili ni waridi la jangwani, Adenium obesum, ambalo jina lake la jenasi limetokana na Aden, mji wa Yemeni. Huota pia katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, na maua yake huwa ya waridi au mekundu. Shina lake ni nene mithili ya chupa, kwani ndimo mnamohifadhiwa maji. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani ili kupunguza upotevu wa maji, na huweza kuchanua likiwa halina hata jani moja.

Mmea huu hutaka jua la kutwa na udongo wa kichanga unaokauka kabla ya kumwagiliwa tena. Anayeuhurumia kwa kuumwagilia kila siku huuozesha shina. Tahadhari yahitajika: utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, na tangu zamani umetumiwa kupaka mishale ya kuwindia. Hivyo usiwekwe mahali wanapochezea watoto wadogo au wanapopita mbuzi, na aukataye anawe mikono.

Maji ndani ya chungu

Mizizi hupumua, nayo huhitaji oksijeni. Bustanini maji ya ziada huzama mbali ardhini, lakini chunguni hukomea kitakoni. Hata pakiwa na tundu, sehemu ya chini ya udongo hubaki imelowa, kwa kuwa maji hushikwa na nguvu ya kapilari, nguvu ileile ipandishayo mafuta ya taa katika utambi.

Watu wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakidhani kwamba zitasaidia kuondoa maji. Matokeo yake ni kinyume. Maji hayatoki kwa urahisi katika matundu madogo ya udongo kuingia katika nafasi kubwa za kokoto, mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa kabisa. Tabaka la kokoto basi hulipandisha juu eneo lenye maji mengi, likaikaribia mizizi. Lifaalo ni kuchanganya mchanga mnene katika udongo wote, na kuhakikisha kwamba tundu liko wazi.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa sponji ya mstatili. Ilowekwe, kisha ishikwe ikiwa imelala hadi iache kudondosha maji. Isikamuliwe, bali isimamishwe wima: maji yataanza kudondoka tena, kwa sababu safu ya maji imekuwa ndefu na uzito wake umeishinda nguvu ya kapilari. Hii ndiyo sababu chungu chenye kina kirefu hutoa maji vizuri kuliko sinia pana, hata kama udongo ni mmoja.

Maswali ya kujiuliza

Kabla ya kununua, mwalimu na wanafunzi wake wahesabu saa ambazo jua hupiga mahali palipokusudiwa. Waulize ni nani atakayemwagilia wakati wa likizo. Kisha ndipo wachague rangi. Ua la Usambara likiachwa likizo nzima bila maji hufa, ilhali waridi la jangwani huvumilia.

Maarifa haya yanahusu pia hatima ya mimea yenyewe. Aina kadhaa za jamii ya ua la Usambara zimo hatarini kutoweka, kwani miti ikatwapo jua huufikia mwamba, unyevu hukauka, na mmea hauna pa kukimbilia. Kuung'oa mmea msituni kwa ajili ya chungu huongeza madhara hayo, wala hakuna haja ya kufanya hivyo. Jani moja lenye kikonyo, lililokatwa kutoka mmea uliokwisha kupandwa nyumbani na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu, huota mizizi na kuzaa miche mipya yenye maua kama ya mama yake. Kwa njia hiyo darasa zima laweza kupata maua kutoka chungu kimoja, na yale ya mwambani yakabaki mwambani.