Babu, Redio na Mita 800

Mzee wa Kericho au Bomet aliyezaliwa kabla ya uhuru mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Mwaka ulio kwenye kitambulisho chake huenda ulikadiriwa tu na karani aliyeuliza rika lake na kuandika alichoona kinafaa. Rika lenyewe hujumuisha watu waliopishana umri kwa miaka mingi, kwa hiyo halimfikishi mbali mjukuu anayetaka kujua babu yake alianza lini kuchuma chai, alioa lini, au alikuwa wapi bendera ya Uingereza iliposhushwa. Nadai kwamba mjukuu huyo ana nyenzo ambayo watu wengi huichukulia kama burudani tu: mchezo ambao yeye na babu wote wawili wanaupenda. Mashindano yana tarehe, yana matokeo yaliyoandikwa, na mzee huyakumbuka kwa furaha bila kuhisi anahojiwa. Maisha ya mtu ambaye hakuacha karatasi yanaweza kufungwa kwenye tarehe hizo kama ndama kwenye kigingi, yasipotee.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1938. Tarehe 16 Oktoba 1964, jijini Tokyo, alimaliza wa tatu katika fainali ya mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Alipewa dakika 1 na sekunde 45.9, muda uleule wa George Kerr wa Jamaika aliyekuwa wa nne. Shaba ilipatikana kwa unyoya. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, nchi iliyokuwa na uhuru wa miezi kumi tu na ambayo ilikuwa bado haijawa jamhuri. Wakati huo Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho, na ilibaki hivyo hadi 1992, kwa hiyo watu wa pande zote mbili walikuwa na haki ya kumwita mtu wao. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Oktoba 1968, Kiprugut aliongoza sehemu kubwa ya fainali ya Mexico City, na ni katika mita za mwisho tu ndipo Ralph Doubell wa Australia alipompita na kuifikia rekodi ya dunia ya Snell. Kiprugut alipata fedha. Timu ya Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa, tatu zikiwa za dhahabu: ya Naftali Temu, ya Kipchoge Keino na ya Amos Biwott.

Sasa tazama miaka minne iliyo kati ya mbio hizo mbili. Kwa familia za nyanda hizi, huo ndio wakati ambapo zao lililokuwa la makampuni makubwa tangu miaka ya 1920 lilianza kuenea katika mashamba madogo ya wenyeji. KTDA, mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, iliundwa mwaka 1964, mwaka uleule wa shaba. Babu akisema kwamba Kiprugut alipokimbia Tokyo yeye alikuwa bado kibarua anayelala kampini, na kwamba alipokimbia Mexico tayari alikuwa na miche yake mwenyewe, ametoa tarehe mbili kwa sentensi moja. Amesema zaidi ya hapo: ametaja safari ya kutoka kuchuma majani ya mwingine hadi kuuza yake. Ukimuuliza tu, “Ulipanda chai mwaka gani?”, huenda akajibu kwamba ni zamani, watoto wakiwa wadogo.

Redio ilisaidia kuyaweka mambo haya kichwani. Wakati huo vyombo vyenyewe vilikuwa vichache, na aliyesikia habari alipaswa kuwasimulia ambao hawakusikia. Jambo linalosimuliwa mara kwa mara, mbele ya watu wanaoweza kupinga, hukaa akilini kuliko linalotazamwa na mtu peke yake. Wala habari hii si ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, pekee. Kampi za chai zilijaa wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na ndani ya kampi moja shabiki wa AFC Leopards, klabu ya kandanda ya mwaka 1964, aliishi ukuta kwa ukuta na shabiki wa Gor Mahia, iliyoanzishwa 1968. Mjukuu wa mchumaji chai aliyetoka Siaya anaweza asiwe na habari yoyote ya Kiprugut, lakini akiuliza babu alikuwa wapi Desemba 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi Barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, atapata jibu lenye mahali, majina ya majirani, na pengine mshahara wa mwezi huo.

Kuna pingamizi zito, na sitalipita juujuu. Katika nchi hii ya chai, jambo kubwa kuliko yote katika kumbukumbu za wazee ni ardhi. Watu waliondolewa ili mashamba makubwa yapatikane. Ukoo wa Talai, mmoja wa koo za Wakipsigis, ulihamishiwa Gwassi, mbali na kwao, mwaka 1934. Na mwaka 2022 madai ya watu wa Kericho yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Anayesema kwamba kukaa na babu kuzungumzia mbio ni kumsahaulisha jeraha lake anastahili jibu. Jibu langu ni kwamba mchezo ukiulizwa vizuri huelekea kwenye ardhi wenyewe. Ulifanyia mazoezi wapi? Uwanja ule ulikuwa wa nani? Nani aliruhusiwa kukatiza shamba la kampuni, na nani alifukuzwa? Viwanja vya kandanda vilivyo katikati ya majani chai vilichongwa kwa ajili ya wafanyakazi wa makampuni, na mzee anayeeleza alivyocheza pale ataeleza pia pale palikuwa na nini kabla ya uwanja. Pia naamini mtu aliyenyang'anywa kitu asikumbukwe kwa kunyang'anywa tu. Alishangilia pia, na alikuwa na mapenzi yake.

Wengine husema wazee huongeza chumvi. Huongeza, ndiyo. Lakini hapa ndipo michezo inapozidi masimulizi mengine, kwa sababu chumvi inaweza kupimwa. Wakenya wengi, hata waliosoma, wakiulizwa nani alileta medali ya kwanza ya Olimpiki, humtaja Keino. Matokeo ya Tokyo yanaonyesha Keino akiwa wa tano katika mita 5,000. Mzee wa Kericho anayesisitiza kwamba wa kwanza ni Kiprugut yuko sahihi kuliko wengi wa wanaomcheka. Na akikosea, akadai kwa mfano kwamba Kiprugut alishinda Mexico, kosa lenyewe linaonyesha jinsi habari ilivyofika kijijini, na kwa nini watu walitaka iwe hivyo.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko mengine ni la nyanya. Kigingi hiki kilichongwa kwa ajili ya wanaume. Kenya haikupeleka mwanamke Olimpiki hadi 1968, na mwanamke wake wa kwanza kupata medali, Pauline Konga, aliipata Atlanta mwaka 1996, miaka 32 baada ya Kiprugut. Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alipata shaba ya marathoni huko Sydney mwaka 2000. Beatrice Chebet, aliyekulia Kericho, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14 mwezi Mei 2024, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29, kisha akatwaa dhahabu mbili Paris mwaka huohuo. Mjukuu anaweza kuzungumza na nyanya kuhusu Chebet, lakini mbio hizo ni za juzi na hazimrudishi nyanya kwenye ujana wake. Kwa miaka ya 1960, swali linalomfaa ni alikuwa akifanya nini saa ile wanaume walipozunguka redio. Jibu litakuwa la ng'ombe, kuni, mtoto mgongoni au kikapu cha chai, na tarehe itakuwa imepatikana kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu. Daftari la shule linatosha: upande mmoja shindano na mwaka wake, upande wa pili mahali babu alipokuwa, kazi aliyofanya, na watu aliokuwa nao. Orodha ya matokeo ya Olimpiki na magazeti ya zamani yatasahihisha upande wa kwanza. Upande wa pili hauna kumbukumbu nyingine popote. Kiprugut mwenyewe alifariki mwezi Novemba 2022, akiwa na miaka 84. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya fainali ya Tokyo sasa amepita 80.