Safari ya Guangzhou Ipangwe Kuanzia Baraka

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, jiji la watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya 2020. Biashara na wageni ni ya zamani huko: tangu 1757 hadi 1842 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kutia nanga katika bandari hiyo peke yake, na tangu 1957 jiji huandaa maonyesho makubwa ya bidhaa, Canton Fair, ambayo sasa hufanyika kila Aprili na Oktoba. Mtu wa Nundu, huku kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyezoea soko moja lenye kila kitu, ndagala hapa na vitenge pale, ajue mapema kwamba Guangzhou haiko hivyo. Kila mtaa una bidhaa yake. Nguo zilizoshonwa ziko Zhanxi, karibu na stesheni ya zamani ya treni. Mikoba na vitu vya ngozi viko Sanyuanli. Vitambaa vya jora viko Zhongda, kusini mwa mto unaopita jijini. Vigae na samani ni za Foshan, mji jirani, na vifaa vya elektroniki ni vya Shenzhen, unakofika kwa treni ya kasi. Vitu vidogo vidogo, kama vibanio vya nywele na vichezeo vya watoto, vina mji wao, Yiwu, ulio mbali zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, kuelekea kaskazini-mashariki. Anayepanda ndege bila kujua atanunua nini atamalizia siku na nauli yake njiani.

Ndiyo maana naona safari hii ipangwe kinyumenyume, kuanzia ufukwe wa Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, kurudi hadi kiwandani. Wengi hutanguliza viza na tiketi, kisha hununua kinachovutia macho, na hesabu ya kuuza huja mwisho, wakati fedha imekwisha kutoka. Chukua mabegi ya shule. Masomo Kongo huanza mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo mzigo unatakiwa dukani katikati ya Agosti. Ondoa majuma ya kuutoa bandarini Dar es Salaam, kuusafirisha kwa reli karibu kilomita 1,250 hadi Kigoma, na kuuvusha ziwa. Ondoa mwezi au zaidi wa baharini, na mwezi mwingine wa kiwanda kutengeneza. Unarudi hadi Aprili, na hapo maonyesho yanakufaa. Ya Oktoba hayakufai kwa Bonane, yaani Mwaka Mpya, hata kidogo: atakayenunua wakati huo na kusafirisha kwa meli atapokea mzigo sikukuu zimekwisha. Tena mwaka mpya wa Wachina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda vikafungwa kwa majuma kadhaa, na oda iliyochelewa kidogo ikalala hadi Machi.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Kontena la futi 40 hubeba mita za ujazo 67 hivi, na wanaochangia kontena hulipa kwa ukubwa wa mzigo wao. Anayepakia magodoro ya sponji au chupa za chai analipia hewa kuvuka Bahari ya Hindi, hata kama bei ya Guangzhou ilikuwa ya kutamanisha. Vitambaa, vipuri vya pikipiki na taa za sola hubeba thamani kubwa mahali padogo. Hapo lazima pia tuikumbuke barabara yetu. Katoni itakayoshushwa bandarini, ikapakiwa kwenye behewa, ikashushwa tena, ikaingia ndani ya boti, kisha ikapita barabara ya udongo kutoka Baraka hadi Nundu wakati wa mvua, haiwezi kuwa katoni ya kawaida. Kiwanda kitaweka karatasi nene na nailoni ndani, kwa kipimo ambacho mtu mmoja anaweza kubeba begani, ikiwa kimeambiwa kabla ya kuanza kazi. Baada ya hapo kila badiliko lina bei yake.

Wapo watakaosema soko la Kariakoo, Dar es Salaam, linatosha. Kwa mwenye mtaji mdogo ni kweli, na ningemshauri abaki huko bila kuona haya. Lakini bidhaa ya Kariakoo kwa kawaida imekwisha kulipiwa ushuru wa Tanzania, kisha hulipiwa tena ikiingia Kongo, wakati mzigo unaopita Tanzania kama tranziti hulipa ushuru wa kuingiza kwetu tu. Mtu mmoja hawezi kujaza kontena la tranziti. Wafanyabiashara kadhaa wa Fizi wanaoaminiana, kama wale ambao tayari wanacheza likelemba (kuchangiana fedha kwa zamu) pamoja, wanaweza. Ni kweli kwamba mmoja akichelewesha malipo huwachelewesha wote. Basi fedha zikusanywe kabla ya mtu kusafiri, na kila katoni iandikwe alama ya mwenyewe.

Wengine watauliza kwa nini kusafiri, na simu ipo. Picha haionyeshi uzito wa kitambaa wala uimara wa zipu. Desturi ya viwanda vingi ni kupokea asilimia 30 mwanzoni na 70 kazi ikiisha, na nguvu ya mnunuzi iko katika kukagua kabla ya kutoa hiyo 70. Oda ya pili, kwa kiwanda kilekile, ndiyo ya kuagiza kwa simu, ila kwa WeChat, maana WhatsApp imefungwa China.

Wajumbe wa kundi hilo wachaguliwe wawili, si kumi. Ubalozi wa China uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 magharibi mwa Baraka, na viza huhitaji barua ya mwaliko, ambayo waandaaji wa maonyesho huwapa wanunuzi waliojiandikisha. Kabla mzigo haujapakiwa, wamwulize wakala wa mizigo habari za ukaguzi unaotakiwa na OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa, na karatasi ya FERI, taarifa ya mzigo unaoingizwa, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya Kongo ya usimamizi wa mizigo. Vikikosekana, kontena hukwama njiani, na gharama za kulihifadhi huhesabiwa kwa siku.