Asubuhi Haruni, Alasiri Pujini

Mkaazi wa Shumba, kaskazini mwa Pemba, hahitaji wakala wa utalii wala gari la kukodi ili aione historia ya kisiwa chake. Nauli ya gari ya abiria mpaka Konde, nyengine ya gari ya Konde kuelekea Chake Chake, chupa ya maji na muhogo wa kuchemsha vinamtosha kwa siku nzima. Njiani atapita Tumbe, ambako baina ya karne ya 7 na ya 10 palikuwa na mji mkubwa. Wachimbaji wa mambo ya kale waliokota hapo maelfu ya vigae vyenye mifereji myembamba, iliyochongeka kwa kusugulia shanga. Pua na mkono hapo Tumbe siku hizi vinakutana na samaki wa mnadani, na ni vigumu kuamini kwamba chini ya mashamba ya jirani kumelala kazi yote ile ya mikono. Lakini safari hii ina vituo viwili vikubwa: magofu ya Chwaka, ambayo wenyeji huyaita Haruni, na boma la Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake. Hoja yangu ni kwamba vituo hivi vinafaa kutazamwa siku moja, kwa sababu Pujini haieleweki kwa mtu ambaye hajapita Haruni.

Haruni ni mahali pa ibada. Kutoka barabarani ni mwendo wa miguu kupita mashamba, na kinachoonekana ni kuta za msikiti wa Ijumaa, kibla chake, na makaburi. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 11 mpaka mwanzoni mwa karne ya 16. Uchimbaji wa wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher ulionesha jambo linalostahili kutafakariwa: wengi wa watu wake waliishi katika nyumba za miti na udongo, ilhali mawe na chokaa viliwekwa kwenye msikiti. Msikiti ukajengwa upya na kukuzwa, kizazi baada ya kizazi. Watu ambao nyumba zao wenyewe hazina jiwe hawakati matumbawe na kuchoma chokaa kwa karne kadhaa kwa sababu ya fimbo tu. Fimbo huchoka. Waliokuwa na uwezo walitafuta heshima kwa kujenga nyumba ya Mungu, na majirani wakakubali kushika kazi.

Pujini ni kinyume chake. Hapo pana tuta na handaki kulizunguka jumba la mtawala, jengo lisilo na mfano wake katika pwani yote ya Waswahili. Masimulizi yanamtaja mtawala huyo kwa jina la Mkama Ndume, aliyewalazimisha watu wabebe mawe kichwani huku wakijikokota kwa matako. Kisima chake kimegawanywa kwa ukuta, na husemwa kwamba ulikuwa wa kuwatenga wake zake wawili: mmoja akiteka maji kwa ndoo kutoka juu, mwengine akishuka kwa ngazi, wasionane.

Mara nyingi husemwa kwamba boma lile lilijengwa kuwazuia Wareno. Hoja hiyo haisimami. Ushahidi wa uchimbaji unaliweka katika karne ya 15, na Vasco da Gama hakufika pwani hii mpaka 1498. Wareno waliishambulia Pemba baadaye, lakini handaki lilikuwa limeshachimbwa. Atasema mwengine: basi lilikuwa kinga dhidi ya miji shindani, iliyotaka mali na njia ya bahari. Inawezekana kabisa. Ila miji hiyo nayo ilikuwa ya Waswahili, kwa hiyo vita bado vinabaki vya ndugu kwa ndugu. Na hadithi ya wabeba mawe haipaswi kutupwa kwa kuwa ni hadithi. Haitupi tarehe, kweli, lakini yatuambia watu walikumbuka nini: hawakumkumbuka mtawala aliyewalinda, walimkumbuka aliyewatesa. Masimulizi hayo hayo humfanya Haruni, mtu ambaye magofu ya Chwaka yanabeba jina lake, kuwa mtoto wa Mkama Ndume, na hivyo msikiti na boma vinawekwa ndani ya nyumba moja.

Wapo watakaosema magofu haya ni vifusi tu, na kwamba pesa kidogo huleta safari duni. Vifusi ni kweli kwa asiyejua pa kutazama. Kwa hiyo amwombe mlinzi au mzee wa kijiji amwongoze, ampe shukrani yake, avae kwa stara, na asiguse ubani au marashi akikuta watu wameyaacha, kwani baadhi ya magofu ya pwani bado yanazuriwa kwa nadhiri. Haruni kwenyewe kuna pia makaburi ya Wamazrui wa Mombasa, waliotawala Pemba mpaka majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Omani, yalipowaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1820, kwa hiyo hata penye ibada vita havikukosa kuacha alama. Ugumu wa kweli ni Pujini: kutoka Chake ni kiasi cha kilomita 10, gari si nyingi, na bodaboda au baiskeli ndiyo njia ya uhakika. Msafiri apatane nauli ya kwenda na kurudi kabla hajapanda, na awe Chake mapema kabla gari za Konde hazijamalizika.