Umeme Umerudi, Mfumo Bado: Yanayotendeka Ndani ya Seva ya Kituo cha Afya

Mwananchi anayefika kituo cha afya, awe wa Musoma, Bunda au Butiama, huweza kuelezwa dirishani kwamba umeme umerudi lakini mfumo bado. Hofu ya kwanza huwa ni kupotea kwa jalada lake. Aghalabu jalada lipo. Kilichokosekana ni kanzidata kuanza kazi.

Pale ambapo Mfumo wa GoTHOMIS, unaosimamiwa na TAMISEMI, umesimikwa kwenye seva iliyomo kituoni, kompyuta za mapokezi, maabara na chumba cha dawa zote huchota taarifa mahali pamoja, yaani kwenye kanzidata. Miongoni mwa programu zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni MySQL, iliyotolewa mwaka 1995. Neno "My" katika jina hilo ni jina la binti wa mmoja wa waasisi wake.

Afisa TEHAMA haundi programu hiyo upya. Huipata ikiwa kifurushi kilichokamilika, na kabla ya kukifungua huhakiki sahihi yake ya kidijitali ili kujiridisha kwamba hakikuchezewa njiani. Kompyuta hupanga mafaili, hufungua akaunti maalumu ya kuendeshea kanzidata na kutenga mahali pa kuhifadhia data. Dakika chache zatosha. Hata hivyo, kanzidata hiyo mpya ni tupu: taarifa za wagonjwa hazimo ndani ya kifurushi, bali hurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu. Kituo kisicho na nakala hiyo hakina cha kurejesha, hata kikipewa seva ya thamani kiasi gani.

Kuiwasha kanzidata leo ni amri moja. Kuiagiza ijiwashe yenyewe kila seva inapowaka ni amri nyingine. Baadhi ya mifumo endeshi huzitekeleza zote mbili wakati wa usimikaji, mingine humwachia mtaalamu. Ya pili ikisahauliwa, mambo huonekana shwari hadi siku umeme utakapokatika na kurudi: seva huwaka taa zake zote, na foleni haisogei. Kwa sababu hiyo mtaalamu makini huizima seva na kuiwasha tena kwa makusudi kabla ya kukabidhi kazi.

Baada ya umeme kukatika ghafla, kanzidata hupitia kwanza kumbukumbu zake za matukio. Yaliyokwisha kuthibitishwa hukamilishwa. Yaliyoachwa nusu hutenguliwa. Ndiyo maana mhudumu huuliza upya maelezo aliyokuwa akiyaandika, ilhali majibu ya vipimo vya juzi yapo.

Akaunti zisizo na nywila nazo hufutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mwenye kadi au namba ya usajili aje nayo hata mfumo unapokuwa umezimika. Kwa namba hiyo mhudumu huweza kuyaunganisha maelezo yaliyoandikwa karatasini na jalada lililomo kwenye kanzidata.