Zamu ya maji kwenye milima ya Alpujarra

Kutoka mjini Granada, basi huchukua zaidi ya saa mbili kupanda hadi vijiji vya bonde la Poqueira, eneo la Alpujarra, kusini mwa Uhispania. Niliposhuka, kilichonisimamisha kwanza ni wikio. Naam, wikio kama lile la mitaa ya Lamu: nyumba hii imeshikana na ile juu ya kichochoro, na watu wapita chini kivulini. Wenyewe huliita tinao. Mapaa nayo ni bapa, yamebebwa na boriti na kumwagiwa udongo wa kijivu usiopitisha maji.

Nilikuwa nimealikwa na mwanafunzi mwenzangu nikawaone wazazi wake. Usiku wa kwanza mamake aliandaa meza, na katikati akaweka sinia ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Kijiji cha Trevélez, si mbali na hapo, kina sifa kwa nyama hiyo. Mwenzangu alikuwa amesahau kuwaambia kwamba mimi ni Mwislamu. Ukialikwa ugenini, msomaji, sema usichokula kabla ya safari, usingoje sahani ifike mbele yako. Niliona haya. Nilijua pia kwamba zamani, enzi za Inkwizisheni, aliyekataa nguruwe katika nchi hiyo alishukiwa dini yake. Mama yule alinitazama, akacheka, akaniita mwanangu, akaenda jikoni. Alirudi na viazi vilivyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, vitunguu na pilipili hoho, pamoja na mayai mawili. Chakula hicho huitwa viazi vya maskini. Nilikula hadi akaniongeza.

Lugha yao ilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita kwetu. Sukari ni azúcar. Msikiti ni mezquita. Fulani ni fulano. Mkuu wa mji wao huitwa alcalde, neno lililotoka kwa kadhi, ingawa huyu wa sasa hashughulikii mirathi.

Lakini urithi mkubwa zaidi ni mifereji. Huitwa acequia, neno la Kiarabu vilevile. Waislamu wa Granada ndio walioieneza milimani humo, na dola yao ilipoanguka mwaka 1492 vizazi vyao viliendelea kuitumia. Waliasi mwaka 1568, wakashindwa, wakafukuzwa, na familia kutoka sehemu nyingine za Uhispania zikaletwa kukaa katika nyumba zao. Wenyeji husimulia kwamba familia chache za zamani ziliachwa makusudi katika kila kijiji ili ziwafundishe wageni kazi ya maji.

Kazi yenyewe ni hii. Theluji ya Sierra Nevada ikianza kuyeyuka, maji huelekezwa kwenye mifereji ya juu kabisa, na mengine huachwa yazame ardhini kwenye miteremko. Hayapotei. Hupita polepole chini ya mwamba na kutokea kwenye chemchemi za chini wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imekatika. Mlima wenyewe ndio tangi. Kisha maji hugawanywa kwa zamu, kila shamba na saa zake, na mwenye zamu huamka hata usiku wa manane kwenda kufungua mlango wa mfereji wake.

Yote hayo yanataka mikono. Mfereji usiposafishwa kila mwaka hujaa mawe na mizizi, ukingo hupasuka, na chemchemi za chini hukauka. Baba wa nyumba, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alinipa jembe tukaenda naye. Katika ujana wake, alisema, kila nyumba ilitoa mtu. Siku ile tulikuwa saba pamoja nami, na wawili kati yetu walikuwa Waingereza walionunua nyumba pale. Vijana wameshuka mijini.

Tulipomaliza, mzee alimwita mwanawe akamwonyesha jiwe la kuzibia maji na namna ya kuliegemeza lisisombwe. Zamu yao ni Jumanne usiku, saa nne hadi saa saba. Mwenzangu aliitikia kwa kichwa. Kwenye basi la kurudi aliniambia kwamba ameshapata kazi Madrid, anaanza mwezi ujao, na babake hajaambiwa.