Mtoto mwenye siliaki akibadilika ghafla, uliza kwanza alikula nini

Hebu tuchukue mfano wa nyumba moja. Mtoto wa miaka 9 ana ugonjwa wa siliaki, na kwa miezi 8 sasa hali kitu chochote chenye ngano. Tumbo limetulia, uzito umeongezeka na shuleni anakwenda vizuri.

Jumamosi anaalikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani. Keki anaikataa mwenyewe, kama alivyofundishwa. Anakula wali na kuku wa kukaanga.

Jumapili anaamka amenuna. Anamsukuma mdogo wake, analia kwa sababu ya soksi, hataki kuzungumza na mtu. Jumatatu mwalimu anampigia mama yake simu: mtoto hatulii darasani, ukimsemesha anajibu kwa ukali.

Baba anasema mtoto amedekezwa. Bibi anasema amepata marafiki wabaya. Hakuna anayeuliza yule kuku wa Jumamosi alipikwaje. Kumbe kabla ya kukaangwa alipakwa unga wa ngano.

Mabadiliko ya namna hii ya tabia na hisia ni jambo ambalo wagonjwa wengi wa siliaki, watoto kwa wakubwa, hulipata baada ya kula gluteni bila kujua. Wengi hulitambua kwa kuchelewa, wakati mtoto ameshaadhibiwa au mtu mzima ameshagombana na mwenzake nyumbani.

Siliaki ni ugonjwa gani

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka inayolimwa zaidi Ulaya. Kwa mwenye siliaki, protini hiyo inapofika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili hukosea na kuanza kuushambulia utumbo wenyewe. Vijinyweleo vinavyofyonza virutubisho huharibika na kusinyaa.

Huu si mzio wa kawaida, wala si kuchagua chakula. Ni ugonjwa wa kudumu ambao tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Duniani inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi hawajagunduliwa. Afrika nayo imo. Miongoni mwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, watafiti walikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wanao, kiwango kikubwa kuliko cha sehemu nyingi za dunia.

Dalili zinazojulikana zaidi ni kuharisha, tumbo kujaa, kupungua uzito, upungufu wa damu na mtoto kudumaa. Lakini madaktari wa watoto wamejua kwa miaka mingi kuwa mtoto mwenye siliaki isiyotibiwa huwa pia mwenye hasira, mlizi na asiye na raha. Mara nyingi akianza kula chakula kisicho na gluteni, jambo la kwanza wazazi wanaloliona ni mtoto kuanza kucheka tena, hata kabla uzito haujapanda.

Gluteni inafikaje kwenye hisia

Fikiria mtu mwenye homa ya malaria. Hataki kelele, hataki mazungumzo, anataka kulala, na ukimsumbua anakasirika. Hakuna anayesema ana tabia mbaya. Tunajua mwili wake uko vitani.

Kwa mwenye siliaki aliyekula gluteni hutokea jambo linalofanana na hilo. Chembechembe za kinga zilizoko kwenye ukuta wa utumbo huizindukia gluteni na kumwaga kemikali za kupeana taarifa. Ndani ya saa chache kemikali hizo huweza kupimwa kwenye damu. Utumbo na ubongo vinawasiliana wakati wote, kupitia damu na kupitia neva, kwa hiyo vurugu ya utumboni haibaki utumboni. Matokeo yake huwa uchovu mzito, kichwa kuuma na hisia kuvurugika.

Hapo ongeza mambo ya kawaida: maumivu ya tumbo, kwenda chooni mara kwa mara, kukosa usingizi usiku. Hata mtu mzima mwenye subira angechoka.

Anayekula gluteni kidogo kidogo mara nyingi ana tatizo la ziada. Utumbo wake haupati nafasi ya kupona, hivyo hafyonzi vizuri madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Upungufu wa virutubisho hivi peke yake huleta uchovu, huzuni na akili kuwa nzito.

Dalili zinavyoonekana

Kwa watoto, angalia hasira za ghafla, kulia kwa jambo dogo, kumng'ang'ania mzazi, kukosa utulivu na kushindwa kufuatilia somo alilokuwa akilimudu. Mtoto mdogo hawezi kukuambia kuwa anajisikia vibaya moyoni. Atakuonyesha kwa kurusha sahani.

Watu wazima husimulia huzuni isiyo na sababu, wasiwasi, kukosa subira, kusahau, na kutafuta neno la kawaida wakalikosa. Wapo wanaodhani wanaanza kuchanganyikiwa.

Wengine huanza na kutapika au tumbo kusokota ndani ya saa chache, kisha hali ya moyo inafuata. Wengine tumbo halisemi kitu, hisia tu ndizo zinazobadilika. Inaweza kupita kwa siku moja au kuchukua siku kadhaa.

Tahadhari hapa: wapo wagonjwa wasiopata dalili yoyote wakila gluteni, lakini utumbo wao unaharibika vilevile. Kwa hiyo mtoto kubaki mchangamfu si kibali cha kumpa andazi.

Mahali gluteni inapojificha

Mkate, chapati, maandazi, sambusa, keki, biskuti na tambi kila mgonjwa anavijua. Hatari kubwa iko kwenye vitu visivyofanana na ngano.

Kuku na samaki hupakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa. Katlesi na kababu hufungwa kwa unga au chenga za mkate. Mchuzi hutiwa kijiko cha unga ili uwe mzito. Soseji nyingi na sosi nyingi za soya zina ngano. Bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Vitumbua vya asili ni vya mchele, lakini wapo wauzaji wanaochanganya na ngano, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Unga wa lishe wa kupikia uji nao usomwe vizuri, kwa sababu michanganyiko mingi ina ngano. Hata unga wako wa mahindi au ulezi unaweza kuchafuliwa kwenye mashine inayosaga ngano pia. Kwa mama lishe, chipsi hukaangwa kwenye mafuta yaliyotoka sambusa. Nyumbani, angalia kibao cha kusukumia chapati, mwiko, na kisu kilichopakia siagi kwenye mkate kisha kikarudi kwenye kopo.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 tu kwa siku, kwa muda wa miezi 3, zinatosha kuudhuru utumbo. Hiyo ni kama kipande kile ukikigawa mara 40 na kuchukua sehemu moja. Viwango vya kimataifa vinataka chakula kinachouzwa kuwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo.

Habari njema ni kuwa vyakula vyetu vingi ni salama kwa asili: ugali wa mahindi, mtama, uwele, wali, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, maharage, mboga, matunda, nyama, samaki, mayai na maziwa. Anayekula vyakula hivi, vilivyopikwa kwa vyombo safi, hahitaji kununua vyakula vya bei ghali vya dukani.

Ufanye nini siku hiyo

Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha kuliwa. Usinunue vidonge wala mchanganyiko wa mitishamba unaodaiwa kusafisha tumbo, na usimpe mtoto dawa ya usingizi ili atulie.

Mpe maji ya kutosha, na kama anaharisha au kutapika mpe ORS. Mpe chakula chepesi alichokizoea, kama wali au ndizi za kuchemsha. Mwache apumzike. Kama ana mtihani au kazi nzito, zungumza na mwalimu mapema.

Mwambie waziwazi: "Mwanangu, umekula ngano bila kujua. Ndiyo maana unajisikia hivi. Itapita." Mtoto anayejua sababu haogopi kama yule anayedhani amekuwa mbaya. Akimpiga mdogo wake, mzuie na umweleze kuwa hilo haliruhusiwi, lakini fanya hivyo kwa utulivu. Hasira yake ina sababu, ila haimpi ruhusa ya kuumiza wengine.

Halafu tafuta chanzo. Uliza kwa upole alikula nini siku mbili zilizopita, kwa nani, na kilipikwaje. Huenda alionja andazi la rafiki yake makusudi, kwa sababu alichoka kuwa tofauti na wenzake. Ukimchapa kwa hilo, mara nyingine atakula na kukuficha, na utakuwa umepoteza taarifa unayoihitaji kuliko zote.

Kwa mtu mzima, mweleze mwenzi wako au mtu wa karibu kabla halijatokea: "Ukiniona nimenyamaza na kukasirika bila sababu, niulize nimekula nini." Siku hiyo usifanye uamuzi mzito kama unaweza kusubiri.

Daftari linasaidia. Andika tarehe, alichokula, dalili za tumbo, hali ya moyo na usingizi. Baada ya wiki chache utaona kama kuna mpangilio, na daktari wako atapata kitu cha kufanyia kazi.

Kuzungumza na bibi na jirani

Mara nyingi anayempa mtoto ngano hana nia mbaya. Bibi anaamini kipande kidogo hakiui, na kwake kumnyima mjukuu chakula ni ukatili. Usimgombeze. Mwambie: "Shikamoo, mama. Nakuomba unisaidie. Mjukuu wako akila ngano hata kidogo anaumwa tumbo na anakosa raha siku tatu. Ukitaka kumfurahisha, mchemshie muhogo." Mtu akipewa kitu anachoweza kukifanya hukumbuka zaidi kuliko akipewa katazo peke yake.

Unapoalikwa, mpigie mwenyeji simu mapema au mfungashie mtoto chakula chake. Kwa Wakatoliki, hostia ya kawaida ni ya ngano. Zungumza na padre, kwa sababu Kanisa linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na pia kukomunika kwa divai peke yake.

Si kila hasira ni gluteni

Kosa la upande wa pili nalo ni hatari. Familia ikishajua habari ya gluteni, huweza kuitupia kila jambo.

Mtoto aliyebadilika huku ana homa apimwe malaria. Anayechukia shule ghafla huenda anaonewa na wenzake. Wenye siliaki hupata matatizo ya tezi la shingo zaidi ya watu wengine, na tezi hilo likivurugika hubadili hisia. Sonona na wasiwasi navyo huonekana zaidi kwa wagonjwa hawa, hata wanaofuata mlo vizuri, na vina tiba yake.

Nenda kwa daktari kama hali ya moyo haijarudi baada ya wiki mbili, kama inajirudia bila chanzo kuonekana, au kama inazuia kazi, shule au usingizi. Mgonjwa akichanganyikiwa, akipata degedege au shingo kukakamaa, mpeleke hospitali mara moja. Akisema hataki kuishi au anataka kujidhuru, usimwache peke yake na mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Maneno hayo hayasubiri gluteni itoke mwilini.

Kama hujapimwa

Ukihisi wewe au mtoto wako mna dalili hizi, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati mtu anakula gluteni. Ukiiacha kabla, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa wakati unao. Daktari anaweza pia kuagiza kipimo cha kamera ndogo inayopitishwa kinywani hadi utumboni na kuchukua kinyama cha kuchunguza. Mtu akithibitika, wazazi, watoto na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe, maana ugonjwa huu hufuata ukoo.

Turudi kwenye ile nyumba. Jumatatu jioni mama anakaa na mwanawe na kumuuliza juu ya sherehe. Mtoto anakumbuka kuku alikuwa na "ganda tamu". Mama anampigia jirani, kisha mwalimu, na kueleza. Alhamisi mtoto amerudi katika hali yake. Kwenye daftari mama ameandika mstari mmoja: kuku wa kukaanga, uliza kwanza.