Samba Si Ngoma ya Usambara

Muhula huu chama chetu cha ngoma kilianza kujifunza samba, na tangu hapo naulizwa swali moja tu: je, hiyo ni ngoma ya Wasambaa? Kwa sisi wa Mashewa, jirani wa milima ya Usambara, swali hilo si la kuchekwa. Lakini Wasambaa wana mdumange wao. Samba ni ya Brazil, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, na majina yamefanana tu.

Wazazi wengine wamenung'unika kwamba tunafuata mambo ya kigeni. Nawaomba wasikilize kwanza habari za asili yake. Waafrika zaidi ya milioni 4 walipelekwa Brazil utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Utumwa ulifutwa huko tarehe 13 Mei, 1888. Wataalamu wengi husema jina samba latokana na neno semba la Kimbundu, lugha ya Angola, nalo lahusu kugusana vitovu: mchezaji aliye katikati ya duara humgusa mwenzake kitovu kwa kitovu, naye huyo huingia kuchukua zamu. Kimbundu ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili na Kisambaa. Hata ngoma wao huiita ngoma. Je, huo ni ugeni gani?

Ngoma za duara zilishamiri katika jimbo la Bahia, na watu wa huko waliohamia Rio de Janeiro wakaenda nazo. Mwanzoni mwa karne ya 20 polisi waliwasumbua wapigaji, kwa kuwa mabwana wakubwa waliona ni kelele za watu weusi maskini. Mwaka 1916 Donga aliandikisha wimbo wa "Pelo Telefone", nao ukavuma sana. Mwaka 1928 kikaundwa kikundi cha Deixa Falar, kinachohesabiwa kuwa "shule ya samba" ya kwanza. Leo Brazil nzima hujivunia ngoma ile ile iliyokuwa ikifukuzwa.

Sasa hatua zenyewe. Simama miguu pamoja, uzito uwe mbele ya nyayo, magoti yalegee kama ya mtu anayetwanga. Hesabu "moja-na-mbili", hiyo "na" iwe fupi mno. Kwa "moja" rudisha mguu wa kulia nyuma kidogo, ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo tu. Kwa "na" kanyaga kwa mguu wa kushoto pale pale ulipo. Kwa "mbili" rudisha wa kulia kando ya mwenziwe. Kisha anza upya na wa kushoto. Hatua ni tatu, mapigo ni mawili. Ndiyo maana miguu hupokezana zamu yenyewe, na ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Sikiliza ngoma kubwa, iitwayo surdo: pigo lake zito huangukia "mbili".

Kiuno usikitikise kwa nguvu. Magoti yakifanya kazi, kiuno hufuata chenyewe. Wavulana wetu hawataki kuliamini jambo hili, nao huchoka kabla ya wasichana.

Mazoezi ni kila Ijumaa saa kumi jioni, baada ya masomo, chini ya mwembe. Viatu vizito viachwe bwenini. Wazazi watakaopenda kutazama, hasa wale walionung'unika, viti vitakuwapo.